Kirk wa kweli, nahodha wa kubuni: kuandika riwaya ya kihistoria ya Unguja na Pemba

Riwaya zinazochanganya wanasayansi waliokuwepo kweli na wasafiri wa kubuni mara nyingi huharibika mahali pamoja. Mwandishi huanza na watu wake wa kubuni, akawapa jahazi, jambia na mapenzi, kisha ndiyo humtafuta daktari wa Kizungu wa kumweka pembeni kama pambo la sebuleni. Daktari anatokea ukurasa wa 40, anasema neno moja la hekima, anatoweka. Mtu kama huyo bora aachwe alale makaburini.

Inayofaa ni kuanza na mtu wa kweli. Tarehe zake hazisogei, kwa hiyo ndizo zinazopigwa chini kwanza kama nguzo za nyumba. Mhusika wa kubuni ndiye udongo: anajaza palipo wazi, na akipungua mwandishi hujaza upya.

Kwa Unguja, kipande cha wakati kilicho kizuri kuliko vyote ni kati ya katikati ya 1869 na Mei 1872. Si miaka mitatu kamili, lakini tazama kilichomo. Novemba 1869 Mfereji wa Suez unafunguliwa. Kipindupindu kinaingia mjini mwaka huo huo na kuendelea hadi 1870. Mwaka 1870 homa ya kidingapopo inaangusha mji mzima. Oktoba 1870 anafariki Sultani Seyyid Majid na anakaa Seyyid Barghash. Januari 1871 anashuka Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Aprili 15, 1872 kimbunga kinang'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Mwezi unaofuata Stanley anarudi pwani na habari za Livingstone. Mwandishi hana haja ya kubuni tukio hata moja kubwa. Abuni watu tu.

Na wanasayansi wapo. John Kirk, mtaalamu wa mimea na tabibu kutoka Uskochi, alifika 1866 akiwa daktari wa ubalozi wa Uingereza. Kufikia 1871 ni kaimu balozi. Mwenziwe James Christie, tabibu pia, alikuwa akitibu watu mjini na ndiye aliyefuatilia njia za kipindupindu mpaka akachapisha kitabu kizima juu yake 1876. Ukitaka kurudi nyuma kidogo wako Wajerumani: Albrecht Roscher, aliyefika Ziwa Nyasa mwishoni mwa 1859 na kuuawa mwaka uliofuata, na Baron von der Decken, aliyepanda Kilimanjaro 1861 pamoja na mjiolojia Richard Thornton, kisha 1862 pamoja na mkemia Otto Kersten. Von der Decken aliuawa Bardera, kwenye Mto Juba, mwaka 1865. Huyo ni riwaya peke yake, ila bandari yake ya kuondokea ni Unguja.

Chukua karatasi kubwa, moja kwa kila mwezi. Piga safu tatu. Ya kwanza: mtu wa kweli yuko wapi siku hiyo. Ya pili: nini kilikuwa kimeshajengwa, kimeshavumbuliwa, kimeshapewa jina. Ya tatu ndiyo muhimu na ndiyo inayosahauliwa: nini mtu huyu hawezi kukijua bado. Mhusika wa kubuni haandikwi katika safu yoyote mpaka hizo tatu zijae.

Safu ya pili huumbua watu haraka. Beit al-Ajaib ni ya 1883, kwa hiyo jahazi linaloingia bandarini 1870 halioni jumba hilo wala saa ya mnara. Linaona Ngome Kongwe, nyumba za ufukweni na bendera za mabalozi. Kanisa la Mkunazini halipo, kwa sababu hapo ni soko la watumwa mpaka Juni 1873. Kirk wa 1870 hakai Mbweni kati ya miti yake. Kazi yake iko Shangani, ufukweni, ulipokuwa ubalozi. Waya wa simu ya maandishi (telegrafu) kutoka Aden haukufika mpaka 1879, basi hakuna mtu anayepokea habari za London kesho yake. Na kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo pana mkono wa bahari unaojaa na kupwa. Mtu anayekimbizwa kutoka Darajani usiku wa bamvua ana maji mbele yake, si barabara.

Kalenda nayo ina miiba. Siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" wa mhusika wako ni usiku unaotangulia Ijumaa, wakati barua ya Kirk itauita Alhamisi. Ukiweka tukio moja la usiku katika barua mbili, ya Kiarabu na ya Kiingereza, tarehe zikikubaliana moja kwa moja umekosea. Ramadhani ya 1286 iliandama mapema Desemba 1869, yaani katikati ya maradhi: mji unaokesha, visima vifupi, futari na mazishi kwa pamoja. Huhitaji kubuni mandhari. Kosa la kupendeza zaidi ni la Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Nairuzi. Leo Makunduchi wanaoga mwaka mwezi wa Julai, na waandishi huihamisha Julai hiyo hiyo hadi karne ya 19. Lakini mwaka wa Nairuzi ni wa siku 365 kavu, hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo hurudi nyuma siku moja karibu kila miaka minne. Katika miaka ya 1860 ulikuwa ukiangukia mwishoni mwa Agosti. Manahodha walihesabu miongo yao, siku kumi kumi, kuanzia hapo. Ukikosea mwanzo, unakosea na safari zote.

Sasa safu ya tatu. Mwaka 1870 hakuna daktari duniani anayejua kwamba malaria inaenezwa na mbu; hilo lilithibitishwa na Ronald Ross 1897 na 1898. Kirk ana kwinini na anajua inafanya kazi, basi. Akimwambia mtu afunge chandarua, sababu yake iwe usumbufu wa kuumwa au hewa ya usiku. Kimelea cha kipindupindu Robert Koch alikitambulisha miaka ya 1883 na 1884. Christie kwa hiyo hatazami kwenye hadubini akashtuka. Anachofanya ni kazi ya upelelezi: anawauliza wenye misafara, Wahindi wenye maduka, manahodha. Lini uliuona? Wapi? Uliondoka na nani? Kwa kuunganisha majibu akafuata ugonjwa ukitoka bara kupitia nchi ya Wamasai, ukashuka Pangani, ukavuka kuja Unguja. Hiyo ni sayansi isiyo na chombo hata kimoja, na ndiyo inayompa mhusika wa kubuni mlango mpana wa kuingilia. Christie hakuwa na majibu. Waliokuwa nayo ni watu wa misafara, ambao vitabu viliwataja kwa wingi tu. Mpe mmoja wao jina, mpe sababu ya kusema uongo juu ya tarehe aliyotoka Pangani, na tayari una sura nne.

Kidingapopo ni hazina nyingine. Ulipoingia 1870, wazee wa mjini walimwambia Christie kwamba wanaujua, uliwahi kupita kitambo, wapata miaka 48 nyuma, na jina lake wanalo. Christie akaandika jina hilo la Kiswahili na kudai kwamba ndilo lililozaa "dengue" ya madaktari wa dunia. Hapa tabibu wa kweli ni mwanafunzi, na bibi wa Malindi ndiye maalim. Usimpe Christie fahari ya ugunduzi katika sura hii. Mpe daftari na kiti cha chini.

Vyombo vya kupimia ndivyo vinavyotenganisha riwaya iliyosomewa na iliyokisiwa. Picha inayopendwa ni ya Mzungu amesimama juani adhuhuri, Unguja, amelenga jua kwa sekstanti. Nchi kavu haiwezekani, na sababu yake ni nzuri. Baharini sekstanti hupima kimo cha jua kutoka kwenye mstari wa upeo. Nchi kavu, penye miti na nyumba, upeo hauonekani, kwa hiyo humwagwa zebaki kwenye sahani ya chuma, hufunikwa kwa paa la kioo upepo usiitikise, na hupimwa pembe kati ya jua la mbinguni na jua lililomo ndani ya zebaki. Pembe hiyo ni mara mbili ya kimo. Sasa Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta. Hata Juni, jua linapokuwa chini kabisa, adhuhuri limeshafika nyuzi 60. Mara mbili yake ni 120. Sekstanti nyingi za wakati ule mstari wake uliishia hapo au mbele kidogo. Mwezi wowote mwingine jua liko juu zaidi, na chombo kinakwisha kabla ya jua. Ndiyo maana wapimaji walikesha wakipima nyota. Sura yako ya kupima iwe ya usiku basi: taa imefunikwa kitambaa, mmoja analenga, mwingine ana saa mkononi anaandika, na mbu juu ya wote wawili. Hiyo ya pili ni nafasi ya mhusika wa kubuni. Mshika saa anasikia kila kitu.

Na zebaki humwagika. Chupa ikivunjika njiani upimaji umekwisha, maana hakuna duka la zebaki Tabora. Walioishiwa walitafuta kitu chochote cha maji maji na cheusi, kilichotulia, kinachoakisi.

Saa yenyewe, ile kronomita, ni mgonjwa anayebebwa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kosa la sekunde 4 ni dakika nzima ya longitudo, karibu kilomita 1.8. Saa inayopoteza dakika moja tu njiani inalihamisha ziwa kilomita 28. Hupewa funguo kila siku wakati ule ule. Siku moja ikisahauliwa ikasimama, hesabu ya nyuma haisaidii tena na mpimaji anarudi kwenye miezi ya Mushtari au umbali wa mwezi na nyota. Burton na Speke, walioondoka Unguja Juni 1857, saa zao ziliharibika njiani. Kwa kimo cha ardhi walichemsha maji: kila unapopanda kama mita 300 maji huchemka nyuzi moja ya Selsiasi mapema zaidi. Kipimajoto kikikosea nusu nyuzi, mlima umekua au umepungua mita 150. Kosa kama hilo ni bora kuliko adui mwenye bunduki. Halina nia mbaya, halionekani, na linagombanisha marafiki.

Mizigo ihesabiwe kwa vipimo vyao. Pagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Shuka ya kitambaa ni mikono minne, doti ni shuka mbili. Merikani na kaniki, vitambaa vya pamba, ndiyo sarafu ya bara, pamoja na ushanga na masango ya waya. Pwani ni reale, sarafu ya fedha. Mfuko wa fedha wa shujaa asiye na pagazi ni ndoto.

Vielelezo vya viumbe navyo vina matatizo yake ya hapa hapa. Ngozi za ndege zilipakwa sabuni ya arseniki, iliyochanganywa na chokaa na kafuri. Mikono ya mpakaji huota vidonda. Samaki na nyoka waliwekwa kwenye spiriti, na spiriti katika msafara haidumu, kwa sababu ambazo msomaji atazikisia mwenyewe. Mimea ilibanwa katikati ya karatasi zilizobadilishwa kila siku. Wakati wa masika karatasi zenyewe hazikauki, koga inaingia, na kazi ya wiki tatu inakuwa mboga iliyolala. Mtu wa kukausha karatasi juu ya moto wa makuti bila kuziunguza ni fundi. Ajiri mmoja wa kubuni.

Pale ambapo riwaya ya namna hii inaweza kweli kusimama ni katika tofauti ya Unguja na Pemba, na inashangaza kwamba watu hawaichimbi. Unguja kulikuwa na chui, na kuna kima punju, yule mwekundu. Kima huyo alipewa jina la kitaalamu kwa heshima ya Kirk, na aliyelitoa ni John Edward Gray wa London, mwaka 1868. Jina la kisayansi lina nafasi ya aliyepeleka na aliyeandika. La aliyeingia msituni halina. Pemba hakuna chui, na kima punju waliopo msitu wa Ngezi leo walipelekwa miaka ya 1970. Ila Pemba ina popo wake mkubwa, mwenye mabawa yanayofika mita moja na nusu, na ndege wake wasiopatikana pengine popote, akiwemo bundi mdogo na njiwa wa kijani. Kwa nini visiwa viwili vinavyotazamana viwe hivyo? Jibu liko chini ya maji. Mkondo kati ya Unguja na Mrima, yaani pwani ya bara, ni kina kifupi, sehemu kubwa haizidi makumi ya mita, na bahari iliposhuka zamani Unguja ilikuwa bara. Mkondo wa Pemba unafika mamia ya mita. Pemba ilitengana na bara zamani sana.

Chombo cha kulijua hilo si sekstanti. Ni bildi, risasi iliyofungwa kamba, na kila nahodha anayo.

"Chui?" Nahodha akacheka. "Kwetu Pemba hakuna chui, Bwana Daktari. Wala huyo kima wako mwekundu. Sie tuna popo, mkubwa kama kuku."

Kirk akaacha kuandika. "Na bahari ya kati, kwendea Mrima, bildi yafika chini?"

"Unguja, pima ishirini, thalathini, imegota. Kwetu natoa kamba yote, pima mia, bado yaning'inia."

Maneno hayo machache yanaweza kubeba kitabu. Mtu wa kweli ameuliza swali ambalo angeweza kuliuliza. Mtu wa kubuni ametoa kitu alichokijua kwa kazi yake. Na historia haijaguswa, mradi Kirk asihitimishe. Anaweza kushuku. Akisimama na kutangaza nadharia, umemwibia mtu mwingine na umemharibu yeye. Vile vile anaweza kulitamka jina la kitaalamu la kima, limeshatoka. La popo wa Pemba hawezi, halikutolewa mpaka 1909. Basi popo aliyekaushwa akae kwenye sanduku bila kibandiko, au sanduku lizame Aprili 1872 pamoja na vyombo vingine. Kimbunga hicho ni rafiki mkubwa wa mwandishi: kinafuta ushahidi wote wa mambo yasiyotokea.

Tukiwa baharini: msitume jahazi kutoka Pemba kuja Unguja usiku mmoja mwezi wa Julai. Kusi linavuma usoni na mkondo wa maji unasukuma kaskazini. Itabidi kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, na tanga la pembetatu halibishi kirahisi. Foromali, mti unaobeba tanga, lazima ihamishwe kuzunguka mlingoti, chombo kikigeuzia upepo tezi, yaani nyuma yake, na kila ukigeuza umerudi nyuma kipande ulichokipata. Kwenda Pemba kwa kusi ni raha. Kurudi ni siku kadhaa, au kusubiri kaskazi ifike Desemba. Wala nahodha asitafute nyota ya kaskazini akiwa Unguja. Iko chini ya upeo. Atafute Msalaba wa Kusini.

Lugha nayo. Neno "sayansi" lisitoke kinywani mwa mtu yeyote wa 1870. Ni elimu, au ilimu. Kirk ni tabibu, ni balozi, na kwa watoto wa Shangani ni Mzungu anayelipa watu wamletee majani. Mtumwa akimwamkia bwana wake atasema shikamoo kwa uzito wake wa zamani, si kwa wepesi wa leo, na mwandishi anayetaka uzito huo usikike asilitumie neno hilo ovyo kati ya watu wa hadhi moja. Mazungumzo ya watu wa kweli yawe mafupi. Hatia ambayo kumbukumbu hazina, mauaji, wizi, zinaa, isiwekwe mgongoni mwao, wahalifu wabuniwe.

Lakini kuna jambo moja ambalo ubunifu hauna ruhusa ya kulikwepa. Nani anamiliki jahazi? Nani anachuma karafuu katika shamba la mjomba wa shujaa? Mwaka 1870 mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na wapagazi, vibarua wa bandarini na hata waliochimba sandarusi ya wafanyabiashara wengi hawakuwa watu huru. Msafiri jasiri ambaye hajawahi kuliona soko la Mkunazini, mji mdogo kama ule, ni mwongo. Afadhali awe na aibu yake.

Faili za ubalozi na barua nyingi za Kiarabu za wakati huo ziko Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Soma za mwaka mmoja mfululizo, usichomoe; anayechomoa anapata matukio, anayesoma mfululizo anapata bei ya mchele na nani hakuelewana na nani. Mwisho wa kitabu weka kurasa mbili za kusema wazi nani alikuwepo, nani amebuniwa, na ni siku zipi umezisogeza. Ikiwa umesogeza zaidi ya tatu, rudi kwenye karatasi zako.

Kwa anayetaka sehemu ya pili ya kitabu, iko Desemba 9, 1874. Siku hiyo Zuhura ilipita mbele ya jua, na mataifa yalituma wanajimu mpaka Morisi na Rodrigues kuipima. Ukikokotoa kwa saa za Unguja, jua lilichomoza siku ile doa jeusi likiwa tayari limo ndani yake, na doa likatoka kama saa tatu asubuhi. Kinachohitajika ni kipande cha kioo kilichofukizwa moshi wa kibatari mpaka kiwe cheusi, dari inayotazama mashariki, na mhusika wa kubuni aliyeachiwa kioo hicho na mtu aliyeshakufa. Ila Desemba ni mkia wa vuli, kwa hiyo amua mapema kama utampa wingu.